Faili Lililopoteza Jina

Inspekta Tove Ravn alipofungua mlango wa ofisi ya bandari ya Marsund asubuhi ile ya Ijumaa, kitu cha kwanza alichokiona hakikuwa mtuhumiwa wala mlalamikaji. Kilikuwa keki. Keki kubwa ya krimu na stroberi, imeshaliwa upande mmoja, imewekwa katikati ya meza ya mikutano. Tove aliipenda kesi hii papo hapo.

"Nani kakosea?" aliuliza kabla hata hajavua koti.

"Mimi," akajibu Palle Bøgh, mkuu wa bandari, pande la mtu mwenye ndevu na sauti ya kuitia meli. "Jumatano nilikwenda chooni nikaiacha kompyuta yangu wazi. Kurudi, nakuta ofisi nzima imeshapokea barua pepe kutoka kwangu. Eti, jamani, Ijumaa naleta keki, nawapenda sana. Hiyo 'nawapenda sana' naujua mkono ulioiandika, ni wa Signe."

"Una hakika?"

"Nani mwingine! Kata kipande, Inspekta, usione haya."

Tove hakuona haya. Desturi hiyo aliijua vizuri, maana hata kituoni kwake ilikuwepo, na mwaka jana tu yeye mwenyewe alioka keki mbili. Mtu akikosea kazini analeta keki. Keki ikishaliwa, kosa nalo limeliwa, na atakayelitaja tena ndiye mwenye adabu mbaya.

Lakini kilichomleta hakikuwa cha kuliwa na krimu. Jumapili jioni daraja la kuinuka la Marsund lilishuka wakati mashua ya tanga ya Torkil Vinge, daktari wa meno, ilikuwa inapita chini yake. Mlingoti ukavunjika vipande viwili. Hakuna aliyeumia, ingawa ndani ya mashua walikuwamo watoto wawili wa daktari. Torkil alisema taa ya vyombo ilikuwa kijani. Preben Holk, mlinzi wa daraja, alisema aliwasha nyekundu. Wa kuwaamua alikuwa mmoja tu: kompyuta ya daraja, ambayo kila taa, kila kengele na kila kitufe kinachobonyezwa huviandika kwenye faili la kumbukumbu. Jumatatu Palle akaenda kulisoma faili la Jumapili. Lilikuwa tupu, halina hata herufi moja. Ndipo alipopiga simu polisi.

"Chumba cha kompyuta anaingia nani?" Tove aliuliza.

"Watatu tu. Mimi, Signe ambaye ni fundi wetu wa mifumo, na Preben, kwa sababu fyuzi za umeme wa daraja ziko humo." Palle alishusha sauti, ambayo hata hivyo ilisikika mpaka ukutani. "Jumatatu, kabla hatujafungua ofisi, mfanya usafi alimwona Preben akitoka humo ameficha kitu ndani ya koti. Inspekta, Preben ni rafiki yangu. Alinisimamia harusini. Lakini baraza la bandari linakaa leo saa tisa, na bila ile kumbukumbu wanamwondoa. Wameshaniambia."

"Keki ya Jumatatu ilikuwa ya nani?"

"Jumatatu? Hapakuwa na keki."

"Jumanne?"

"Wala. Wiki nzima ni hii yangu tu. Kwani vipi?"

Tove alitafuna polepole. Palle alidhani anafurahia krimu, na kwa kweli hakukosea sana.

Tove alimkuta Torkil Vinge gatini, amekaa ndani ya mashua yake, mlingoti umelazwa sitahani umefungwa kamba. Alikuwa mtu nadhifu, mweupe wa meno kama alivyopaswa kuwa.

"Taa ilikuwa rangi gani?"

"Kijani."

"Una hakika?"

"Inspekta, mimi kazi yangu ni kuangalia ndani ya vinywa vya watu kutwa nzima. Kuangalia najua."

"Ulikuwa unaelekea wapi?"

"Magharibi. Nyumbani."

"Jua lilikuwa wapi?"

"Mahali pake, juu mbinguni!" Torkil alicheka, kisha akaona mwenzake hacheki. "Mbele yangu. Lilikuwa linazama. Kwa nini?"

"Hamna. Pole kwa mlingoti."

Tove aliondoka akiwa na jambo moja kichwani. Mtu yule hasemi uongo. Waongo aliowahoji maishani mwake walikuwa wanapamba maneno, wanataja shati walilovaa na wimbo uliokuwa redioni. Torkil hakupamba. Aliona kijani, au aliamini ameona kijani. Hilo lilimfanya Preben azidi kuonekana mbaya, na Tove hakulipenda.

Alipanda ngazi za mnara wa daraja akihema. Juu kulikuwa na chumba kidogo cha vioo pande zote, kimesuguliwa kikang'aa, na katikati yake Preben Holk, mzee mwembamba mwenye kofia ya buluu, amesimama mbele ya meza ya vitufe.

"Karibu, Inspekta. Usikae kiti hicho, kimevunjika mguu."

"Ahsante, mzee Preben. Nitasimama. Jumatatu asubuhi ulitoa nini kwenye chumba cha kompyuta?"

Masikio ya Preben yalibadilika rangi. "Lazima niseme?"

"Lazima."

Akainama, akafungua droo ya chini, akatoa furushi lililofungwa kwa karatasi ya fedha na mifuko ya plastiki mmoja juu ya mwingine. Aliufungua wa juu tu. Tove alirudi nyuma hatua mbili mpaka mgongo ukagusa kioo.

"Ee Mungu wangu! Ni maiti?"

"Ni jibini," alisema Preben kwa unyonge. "Ya zamani, ile kali. Mke wangu kasema nichague, ama hiyo ama yeye. Huku ofisini walipiga kura isiingie kwenye friji. Palle peke yake alinyoosha mikono yote miwili. Sasa, chumba cha kompyuta kina ubaridi safi kabisa, siku zote. Jumatatu nilijua watu watakuja kuchunguza, nikaiwahi."

Tove alicheka mpaka akatoa machozi, na Preben, baada ya kumtazama kidogo kwa wasiwasi, akacheka naye. Kisha kicheko kikaisha, na Tove akauliza swali lililomleta.

"Taa uliiwasha nyekundu?"

"Niliiwasha." Preben alitazama mikono yake. "Nadhani niliiwasha. Jumapili ningekuapia, na Jumatatu pia. Lakini tangu hapo kila anayepanda ngazi hizi ananiuliza, na kila nikijibu, naanza kuuona mkono wangu haukwenda kwenye kitufe. Nimefanya jambo hilo maisha yangu yote, Inspekta. Jambo ulilolizoea hivyo, hulikumbuki ukilifanya. Wakiniondoa, nitaumia, nitazoea. Lakini kulikuwa na watoto wawili kwenye ile mashua. Kama sikuiwasha, nataka kujua. Hata kama ni baya, nataka kujua."

Tove alimwonea huruma wazi wazi. Alimshika bega, akashuka ngazi bila kumwahidi kitu.

Chumba cha kompyuta kilikuwa nyuma ya ofisi, hakina dirisha. Signe Thorup, fundi wa mifumo, alikuwa amekaa juu ya kiti cha magurudumu, nywele kazifunga kwa penseli, pua kaikunja.

"Unaisikia hiyo harufu, dada? Nimeshafungua kila boksi humu ndani. Kuna waya unaungua mahali, siuoni."

"Endelea kutafuta," alisema Tove. Siri ya jibini haikuwa ya kipelelezi, akaona aiache na mwenyewe. "Kwanza nionyeshe Jumapili."

Signe alichapa maneno machache, na kwenye skrini ikafunguka folda ya kumbukumbu za daraja. Kulikuwa na faili la leo, na chini yake mengine yenye namba, moja mpaka saba, kila moja na tarehe yake pembeni.

"Hili hapa la Jumapili. Sifuri."

"Na la Jumamosi?"

"Sijaliangalia. Palle aliuliza Jumapili tu." Akaliangalia. "Hee. Sifuri."

"Ijumaa iliyopita?"

"Sifuri." Vidole vya Signe vilianza kwenda haraka. "Jana Alhamisi, sifuri. Yote sifuri!"

"Mwizi gani huyu?" alisema Tove. "Anataka kuficha Jumapili, anafagia wiki nzima?"

"Labda hakujua la Jumapili ni lipi."

"Tarehe zimeandikwa pembeni. Hata mimi naziona, na miwani nimeiacha garini. Hebu la leo."

"La leo lazima liwe na kitu, daraja limeshafunguliwa mara mbili tangu asubuhi." Signe akalifungua. "Tupu."

"Basi mwizi wetu yupo kazini hata sasa hivi, na hapa tumo wawili tu." Tove alivuta kiti kingine akakaa. Hapa ndipo alipokuwa anapenda kufika, pale ambapo kesi inaanza kujichekea. "Sikiliza, Signe. Kwenye ofisi hii mtu akisahau kufunga kompyuta anakiri kwa krimu na stroberi. Faili la Jumapili limepotea, polisi wameitwa, na wiki nzima haijaletwa keki nyingine. Mimi nimehoji wengi wenye dhambi. Katika watu wenye desturi kama yenu, mwenye dhambi hakai siku zote hizo na siri tumboni. Kwa hiyo aliyefanya jambo hili hajui kwamba amelifanya."

"Nani sasa?"

"Nani aliyapanga haya mafaili yawe na namba hivi?"

"Mimi," alisema Signe. Alisema kwa kujiamini kabisa, na Tove akamwacha aendelee. "Programu ya daraja ina mdomo sana. Haiandiki taa na kengele tu, inaandika upepo, joto la mota, kila sekunde. Faili likawa linavimba, diski ikawa inajaa. Basi nikaweka mzunguko. Ona."

Akafungua faili la mipangilio. Lilikuwa fupi, mistari michache tu ndani ya mabano.

"Mstari huu unasema, fanya kila siku. Huu, tunza saba. Huu, tengeneza jipya. Kila usiku mfumo unalichukua faili la leo na kulipa jina la namba moja. Lililokuwa moja linakuwa mbili, la mbili linakuwa tatu, hivyo hivyo, na linalozidi saba linafutwa. Halafu linatengenezwa faili jipya tupu kwa ajili ya kesho. Hugusi kitu, mzunguko unajiendesha wenyewe. Unafanya kazi vizuri sana."

"Uliuweka lini?"

"Mwezi uliopita. Ijumaa." Signe alikohoa. "Alasiri. Nilikuwa nawahi kumchukua mtoto chekechea."

"Ijumaa alasiri, Signe!"

"Najua, najua! Fundi hagusi kitu Ijumaa alasiri, nawaambia wengine kila siku."

Wakati huo huo kwenye kona ya skrini kukatokea onyo jekundu. Signe alilifuta bila hata kulitazama.

"Hilo nini?"

"Diski. Imebakiza kidogo ijae. Usijali, Palle analishughulikia. Saa sita anaizima mashine nzima na kuiwasha upya, kwa kitufe cha kule mnarani. Tulikuwa tumeiacha kama ilivyo kwa sababu yenu polisi, lakini kesho ni mashindano ya tanga. Diski ikijaa daraja linagoma, na mashua zote zinabaki nje zikipiga honi."

"Inajazwa na nini?"

"Na mafaili ya kumbu..." Signe alikatika katikati ya neno.

"Mafaili yote ni matupu," alisema Tove kwa upole. "Umenionyesha moja moja. Sasa hiyo diski imejaa nini?"

Signe alichapa amri ya kujumlisha uzito wa mafaili yote yaliyomo, ikatoka namba ndogo. Akachapa nyingine ya kuuliza diski yenyewe imebeba kiasi gani, ikatoka namba kubwa. Alizitazama zote mbili, kisha akajipiga paji la uso kwa kiganja.

"Mimi ni mjinga! Mimi ni mjinga wa kutupwa!"

"Nieleze nami nifurahi."

"Jina la faili ni kama kibao cha jina mlangoni. Programu ya daraja iliingia ndani ya nyumba siku ile ilipowashwa, ikakaa mezani, ikaanza kuandika. Mimi huku nje nikawa nahamisha kibao. Leo namba moja, kesho namba mbili, mpaka nikafika saba, halafu nikakitupa. Lakini ndani hakuna aliyeiambia programu itoke! Bado imekaa pale pale, inaandika kwenye karatasi ile ile, kwenye nyumba isiyo na kibao. Yale mafaili mapya niliyokuwa naitengenezea kila usiku, haijui hata kama yapo."

"Na ilipaswa kuambiwa na nani?"

"Na mimi. Ni mistari miwili tu ya kuongeza hapa chini. Ukishazungusha, ipe programu ishara, ifunge faili la zamani, ifungue jipya. Nikaisahau, nikakimbilia chekechea."

"Kwa hiyo Jumapili ya Preben..."

"Ipo!" Signe alikuwa ameshasimama, anachapa akiwa wima. Alikuwa ameiomba mashine itaje mafaili yote yaliyofutwa lakini bado yameshikwa, na mstari mmoja ukatokea: programu ya daraja, faili kubwa kupindukia, na mbele yake neno *limefutwa*. "Hilo hapo! Halina jina, lakini programu imelishika mkononi. Maadamu mashine inaishi, faili nalo linaishi."

"Na mashine ikizimwa?"

Walitazamana. Kisha wote wawili wakaitazama saa ya ukutani.

"Mpigie Palle!"

Signe alipiga. Simu ya Palle iliitikia kwa muziki wa tarumbeta kutoka chumba cha pili, mezani, kando ya keki.

"Mtu huyu!" alifoka Tove. "Simu ya mnara?"

"Preben hapokei simu daraja likiwa juu. Ni sheria yake. Nami siwezi kuzuia kutoka hapa, kitufe cha mnarani kinakata umeme wenyewe."

Tove alitoa mfukoni flashi mpya iliyofungwa ndani ya mfuko wa vielelezo, akaupasua kwa meno. "Nakili humu. Kitu chochote usikiguse zaidi ya hicho."

"Ni kubwa, itachukua dakika kadhaa!"

"Baiskeli yako iko wapi?"

Ilikuwa imeegeshwa mlangoni, na nyuma yake ilikuwa na kiti cha mtoto chenye kikaragosi cha bata. Tove, ambaye hakuwa amepanda baiskeli tangu majira ya baridi, aliirukia akaikanyaga kando ya gati huku bata akiruka ruka nyuma yake. Magari yalikuwa yamepanga foleni mbele ya kizuizi na daraja lilikuwa juu. Chini yake, taratibu kabisa, ilikuwa inapita meli kuukuu ya mbao iliyobeba bendi ya matarumbeta ya mji, wanafanya mazoezi ya kesho, na mwenye ngoma kubwa alikuwa amepotea mdundo.

"Inspekta!" aliita Torkil Vinge kutoka kwenye mashua yake. "Kuna nini?"

"Njoo!" alijibu Tove bila kusimama.

Alipofika nusu ya ngazi za mnara alianza kuwasikia.

"Saa sita imeshapita, Preben. Sogea nibonyeze."

"Kuna chombo mlangoni."

"Kimeshaingia nusu!"

"Nusu bado iko nje."

"Preben, mimi ndiye bosi wako!"

"Sawa kabisa, Palle. Na umeniambia mwenyewe kwamba mpaka saa tisa daraja hili ni langu. Saa tisa na dakika moja njoo ubonyeze unachotaka. Sasa hivi kuna watu chini, na umeme haukatwi watu wakiwa chini."

Tove alisukuma mlango. Palle alikuwa amepiga magoti, mkono mmoja umeingia chini ya meza, na Preben amesimama mbele ya kitufe amebana miguu, mwembamba vile vile lakini hasogei.

"Usi..." alisema Tove. Pumzi haikutosha. "Usibonyeze. Ukibonyeza, nakukamata."

"Mimi?" alisema Palle.

"Wewe. Toa mkono."

Palle alitoa mkono. Nyuma ya Tove aliingia Torkil, naye anahema, na kile chumba cha vioo kikawa kimejaa watu wasiojua kinachoendelea. Chini, bendi ilimaliza kupita. Preben, kama vile hakuna kitu, alikagua kushoto na kulia kwa macho yake mwenyewe akahakikisha mto hauna chombo.

Ndipo redio ya bandari ilipokwaruza. Sauti ilikuwa ya Signe, na ilisikika kwenye mnara, kwenye ile meli ya bendi, na kwenye kila chombo kilichokuwa kimewasha redio.

"Mnara, mnara, huyu ni Signe. Imeingia yote! Nimelinganisha nakala na asili, zinalingana. Faili la Jumapili lipo. Halikufutwa na Preben, halikufutwa na mtu yeyote, lilipotezwa jina na mimi kwa uzembe wangu, na keki ya Jumatatu ni yangu, na ya Jumanne pia."

Palle alikaa kwenye kiti kilichovunjika mguu, kikamwangusha, akabaki sakafuni.

Preben hakucheka. Alikuwa ameigeuzia redio mgongo, anatazama maji. Tove alimwelewa. Faili kupatikana lilikuwa jambo moja, na kilichoandikwa ndani yake kilikuwa jambo lingine.

Alichukua kipaza sauti. "Signe, tafuta jioni, kabla ya ajali. Soma pole pole."

Mabega ya Preben yalikuwa yamepanda mpaka masikioni.

"Nasoma kama yalivyo. *Taa ya vyombo, nyekundu. Mlinzi, Holk.* Halafu, *kengele, imewashwa.* Halafu upepo, upepo, joto la mota, upepo. *Daraja, linashuka.* Upepo. *Chombo kimepita taa.* Na hapo hapo, sekunde ile ile, *kitufe cha dharura. Mlinzi, Holk. Daraja, limesimama. Daraja, juu.*"

Tove alimgeukia Preben.

"Sekunde ile ile," alirudia Tove. "Mzee Preben, unasikia? Si kwamba uliwasha nyekundu tu. Alipopita, ulilisimamisha daraja ndani ya sekunde moja. Lingeendelea kushuka, tusingekuwa tunazungumzia mlingoti."

Preben aligeuka. Uso wake ulikuwa umelowa, na hakujaribu kuuficha.

"Mwambie asome tena ile ya kwanza," alisema.

Signe aliisoma tena, na kabla hajaulizwa, akaisoma mara ya tatu.

Torkil alikuwa amesimama mlangoni, mkono mdomoni. "Jua lilikuwa limenipiga usoni," alisema taratibu. "Limepiga kwenye kioo cha taa. Niliona kijani kinawaka. Wallahi niliona. Ndiyo maana uliniuliza, Inspekta." Akavuka chumba kwa hatua tatu, akamshika Preben mkono kwa mikono yake yote miwili. "Wanangu walikuwa wamekaa chini ya mlingoti, mbele kidogo. Mimi nimezunguka mji wiki nzima nikikuita mzembe."

"Hukuwa peke yako," alisema Palle kutoka sakafuni. "Mimi nilikuwa nauliza ni lini nianze kumtafuta mrithi wako. Preben, nitukane."

"Nitakutukana baadaye," alisema Preben. "Nitakuandalia mkate na jibini, ukae ule mbele yangu."

Palle alicheka kicheko kikubwa, akainuka, akaomba simu ya Torkil na kuwapigia wajumbe wa baraza mmoja mmoja. Kwa kila mmoja alisema maneno yale yale: ajenda ya saa tisa imefutwa, na ukitaka sababu fungua redio ya bandari. Huko nje habari ilikuwa imeshawatangulia. Meli ya bendi ilipuliza honi, mashua ndogo zikaitikia, na madereva waliokuwa kwenye foleni, ambao hawakujua chochote, nao wakapiga honi ili wasipitwe.

"Mnara, huyu Signe tena," redio ilisema kelele zilipopungua. "Nimeongeza ile mistari miwili. Sasa hivi nimeyazungusha mafaili kwa mkono na kuipa programu ishara. Inadai imelifunga la zamani na kufungua jipya, lakini mimi leo siiamini mpaka nione. Faili ni tupu, nalitazama. Preben, fanya kitu."

Preben alitazama mto. Haukuwa na chombo, na foleni ya magari ilifika mpaka kwenye duka la mikate. Alivuta kofia ikae sawa. Safari hii aliutazama mkono wake ukienda, njia nzima, mpaka kidole kikabonyeza kitufe. Chini, taa ya vyombo ikawaka.

Redio ilikwaruza.

"Imeandika!" Signe alipiga kelele. "Mstari wa kwanza kabisa. *Taa ya vyombo, nyekundu. Mlinzi, Holk.* Ni wewe huyo?"

Preben alichukua kipaza sauti kutoka mkononi mwa Tove.

"Ndiyo," alisema. "Ni mimi."